Jina Lililopiga Simu

Duka la keki lilikuwa kwenye kona ya barabara mbili, na Jumamosi asubuhi foleni yake ilitoka mlangoni ikafika hadi kwenye kibanda cha muuza magazeti. Ndani kulinukia siagi na sukari iliyoungua kidogo. Watu walisukumana kwa adabu: kila mmoja alisema samahani, na hakuna aliyerudi nyuma.

Mwanamume mrefu mwenye miwani na shati la buluu alikuwa amebakiza watu wawili tu afike mbele. Alitumwa na wenzake wa kituo cha redio kuchukua keki ya kumuaga fundi wa sauti aliyekuwa anastaafu. Mwenye kaunta aligeuza shingo, akaita kuelekea jikoni:

"Zimarela! Ile ya waridi jeupe iko tayari?"

Yule mwanamume akatoka kwenye foleni.

"Kaka, ukitoka umetoka," mama mmoja alimwonya. "Tusije tukavunjiana heshima hapa."

Mwanamume alikwenda moja kwa moja hadi kwenye dirisha dogo la jikoni. Upande wa pili, msichana mwenye aproni nyeupe na kitambaa cha njano kichwani alikuwa ameinamia keki, mfuko wa krimu mkononi, akimalizia herufi ya mwisho ya jina la mtu.

"Samahani, dada. Umeitwa nani?"

"Nimeitwa na mwenye kaunta. Wewe sijakusikia ukiniita."

"Ninauliza jina. Zimarela?"

"Unalitamka kama mtu anayeonja chumvi."

"Sijawahi kulisikia."

"Hakuna aliyewahi kulisikia. Shuleni waliniuliza kama ni dawa ya kikohozi." Alinyanyua mfuko wa krimu, akakagua herufi zake. "Una keki hapa, au umekuja kushangaa?"

"Ninayo. Nimepoteza foleni."

"Kwa ajili ya jina?"

"Ndiyo kazi yangu."

Hapo ndipo msichana aliinua uso. Sauti ile aliijua. Kila Jumapili mama yake alikuwa akiifungulia redio kwa nguvu, nyumba nzima isikie.

"Wee! Wewe ni Bwana Majina!"

Ndivyo wasikilizaji walivyomwita. Katika kipindi chake watu walipiga simu na kumtajia majina, naye alijibu maswali matatu: jina limetoka wapi, lina maana gani, na wanalo watu wangapi. Alikuwa na kanuni moja, kwamba hatangazi jambo lisilo na mashahidi wawili. Kanuni hiyo iliwaudhi wengi. Mzazi aliyeamini kwamba binti yake ana jina la malkia hakupenda kuambiwa kwamba malkia huyo hakuonekana popote.

"Haya, langu lina maana gani?" Zimarela aliuliza.

"Sijui."

"Redioni huwa husemi sijui."

"Huwa nasema. Nani amekupa jina hili?"

"Mama. Aliliota."

"Ndoto si shahidi."

"Hilo kamwambie mwenyewe, kama una ubavu."

Alicheka, na mwanamume akasahau keki. Ilibidi mwenye kaunta amwite mara ya pili.

Alirudi Jumatatu, akanunua keki ndogo ambayo hakuila. Alirudi Jumatano. Ijumaa aliomba namba ya simu, akasema ni kwa ajili ya utafiti.

"Utafiti gani unaopiga simu mtu akiwa bado anapiga mswaki?" Zimarela alimuuliza asubuhi iliyofuata.

"Wa awali."

"Na wa mwisho?"

"Utachukua muda mrefu. Huenda maisha yote."

"Hilo lina mashahidi wawili?"

"Mmoja ni mimi. Wa pili namsubiri aamue."

Zimarela hakukata simu. Walianza kuonana jioni baada ya kazi, yeye akiwa amebadilisha aproni kwa gauni, mikono bado ikinukia vanila. Alimwita Bwana Majina mbele ya watu na mpenzi wakiwa wawili. Mwanamume alimwita kwa jina lake kamili, silabi zote nne, na hakulikatisha hata alipokuwa na haraka. Zimarela alilizoea hilo kuliko alivyotarajia. Maisha yake yote alikuwa akitaja jina hili mara mbili kwa kila mtu, ya kwanza wasisikie, ya pili wacheke. Sasa alikuwa na mtu aliyelisikia mara ya kwanza.

Mwanamume, kwa upande wake, alilifanyia kazi. Jumapili kadhaa aliwaomba wasikilizaji wampigie kama wanamjua Zimarela yeyote, akieleza kwamba binti mmoja wa mjini alipewa jina hilo na mama aliyeliota. Walipiga wenye majina ya kukaribiana, na mzee mmoja ambaye ng'ombe wake aliitwa karibu hivyo, lakini Zimarela hakupatikana. Ndipo alipofanya kosa ambalo asingelifanya kwa jina la mtu mwingine. Kutopatikana si kutokuwepo. Aliwafundisha wasikilizaji jambo hilo kila mara. Lakini Jumapili ile alisogelea maikrofoni na kusema kwa sauti yake ya utulivu:

"Mji huu una Zimarela mmoja tu."

Jikoni kwao, Zimarela aliweka kikombe chini ili asikiangushe. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Zimarela, alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni. Aliendelea kushona.

"Umesikia, Mama? Niko peke yangu!"

"Nimesikia," mama alisema.

Baba Zimarela, dereva wa malori aliyekwisha kustaafu, alitoka nje kwenda kuangalia kitu ambacho hakikuhitaji kuangaliwa.

Alasiri ya siku hiyohiyo simu ya kituo iliita.

"Kijana," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima, "wewe unasema uongo redioni."

"Kuhusu nini, mama?"

"Mimi naitwa Zimarela. Niliitwa hivyo kabla wewe hujazaliwa."

Bwana Majina alimfuata nyumbani kesho yake. Mwanamke huyo aliishi ghorofa ya pili, katika chumba kisafi chenye kitanda kilichotandikwa bila hata mkunjo mmoja. Alikuwa mwembamba, amevaa gauni la kijivu lenye kola iliyopigwa pasi vizuri. Maisha yake yote alifanya kazi ya kushona kiwandani, kwanza katika mji huu, baadaye katika mji mwingine, na alikuwa amerudi baada ya kustaafu. Kabla hajaulizwa swali hata moja, yeye ndiye aliyeuliza.

"Huyo binti wa kwako. Mama yake anashona?"

"Anashona."

"Na baba yake aliendesha malori."

"Ndiyo."

Mwanamke alinyoosha kola yake.

"Mwanamume yule alinichumbia mimi," alisema. "Mama yake huyo binti alikuwa rafiki yangu, tulipanga chumba kimoja. Kisha mwanamume akabadilisha nia, akamwoa yeye. Nikaomba uhamisho. Sikumuaga mtu. Sasa nasikia redioni kwamba amempa binti yake jina langu. Fikiria mwenyewe. Mwenzangu analazimishwa kulitaja jina langu asubuhi na jioni, na kumwambia mtoto kwamba aliliota."

"Hatujui kama alilazimishwa."

"Mimi namjua yule mwanamume. Sikiliza, kijana. Usimwambie huyo binti kwamba nipo. Akijua, atamchukia baba yake. Nyumba ile ilijengwa bila mimi. Sitaki ibomoke kwa ajili yangu."

"Lakini nimetangaza jambo lisilo la kweli."

"Basi litakuuma wewe peke yako. Niahidi."

Akaahidi. Aliposhuka ngazi alielewa kwamba ameahidi upesi mno. Aliihifadhi namba yake kama alivyowahifadhi watu wote wa utafiti, kwa jina linalochunguzwa: Zimarela. Mpenzi wake alikuwa kwenye simu hiyohiyo, chini ya neno Keki.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Zimarela akizungumzia jina lake, yeye aligeuza mazungumzo. Akimwambia, "Niite," alimwita, lakini bila ile ladha.

"Una nini, laazizi?"

"Kazi."

"Kazi yako ni mimi."

"Ndiyo maana," alisema.

Jumamosi iliyofuata waliketi kwenye mkahawa wa juu, kando ya dirisha, chini yao barabara imejaa magari yasiyosonga. Zimarela alikuwa amevaa gauni la kijani lenye vifungo mbele, la kushonwa na mama yake. Simu yake aliiacha dukani inachaji. Simu ya mwanamume ilikuwa mezani, katikati ya vikombe viwili, kioo juu.

Ikaita.

Zimarela aliitazama kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe asiyokumbuka kupigwa. Kwenye kioo kulikuwa na neno moja: Zimarela.

"Mpenzi," alisema polepole, "mimi nakupigia simu."

Mwanamume aliifunika kwa kiganja. Simu ilitetemeka chini ya mkono wake mpaka ikanyamaza.

"Ni mtu wa kazi."

"Anaitwa nani huyo mtu wa kazi?"

"Umeona."

"Nimeona. Lakini uliwatangazia watu wote kwamba niko peke yangu. Niliamini. Nilitembea mtaani kama nimevaa taji."

"Nilikosea."

"Ulikosea lini? Kabla hujanitangaza au baadaye?"

"Baadaye. Yaani, nilijua baadaye."

"Ni nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Nimeahidi."

Kiganja kilikuwa kimesogea kidogo. Simu iliwaka tena, safari hii kwa ujumbe, na Zimarela aliusoma kabla mwanamume hajamzuia. *Usimwambie. Nakuomba.*

Hakupaza sauti. Aliikunja leso ya karatasi mara mbili, akaiweka chini ya sahani.

"Mwanamke anakuomba usiniambie, na wewe unamtii."

"Zimarela..."

"Yupi? Tuko wawili. Ukitaja jina hilo, uwe unasema unamwita nani."

Alishuka ngazi bila kukimbia. Mwanamume alimfuata hadi barabarani, akasema sikiliza, akasema tafadhali, lakini neno ambalo lingemzuia hakulisema. Alikuwa nalo mdomoni. Alilimeza, akabaki amesimama kati ya magari, dereva mmoja akimpigia honi.

Dukani, mwanamke mnene aliyekuwa akisimamia tanuri, ambaye wote walimwita Dada Moto, alimsikiliza Zimarela bila kuacha kupanga trei.

"Ngoja," alisema. "Kwenye simu ameandika nini?"

"Zimarela! Jina langu!"

"Mume wangu wa kwanza aliandika Fundi Bomba. Fundi huyo alikuwa anapiga kila siku, na bomba letu linavuja vilevile. Mwanamume anayeficha mwanamke hamwandiki kwa jina la mwanamke mwingine, mdogo wangu. Huyu wako ama ni mjinga kupita kiasi, ama kuna jambo."

"Ni mjinga."

"Huenda. Lakini mimi ningeuliza kwanza."

"Nimeuliza!"

"Basi uliza kwingine."

Usiku ulipita simu ikiita na kukatwa. Jumapili asubuhi sebule ya nyumbani ilikuwa kama Jumapili zote: mama kwenye cherehani akiunga mapazia ya mteja, baba kwenye kigoda akipiga viatu rangi. Redio ikaanza. Sauti ya utulivu ilisalimu wasikilizaji, na Zimarela akaizima.

"Mbona umezima?" mama aliuliza.

"Ninaumwa kichwa."

"Kichwa cha jana au cha leo?"

Zimarela alikaa kwenye kochi, akakumbatia mto. "Mama, kuna Zimarela mwingine. Anampigia simu. Nimemwona kwa macho yangu, yaani jina lake. Ananificha."

Mguu wa mama uliacha kukanyaga. Gurudumu la cherehani lilizunguka kidogo peke yake, kisha likasimama.

"Msichana au mtu mzima?"

"Nitajuaje?"

"Yuko hapa mjini?"

"Mama. Unamjua?"

Mama alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Alitazama upande wa mumewe. Baba Zimarela alikuwa ameshika kiatu kimoja, brashi imesimama hewani.

"Sikuliota jina lako," mama alisema. "Alikuwa rafiki yangu. Tulifanya kazi meza moja, tukalala chumba kimoja. Baba yako alikuwa mchumba wake kabla hajawa wangu."

Zimarela alimgeukia baba yake taratibu. Kila kitu alichokuwa akikiogopa tangu jana kilihama kutoka kwa mwanamume mmoja kwenda kwa mwingine.

"Kwa hiyo mimi ni mchumba wa baba. Baba, ulinipa jina la..."

"Mimi?" Baba aliangusha brashi. "Mimi nilitaka uitwe kwa mama yangu! Nilipiga magoti kumwomba huyu. Unadhani ni rahisi? Nimemwacha mwanamke, halafu kila ninapopita barabarani, 'Habari za asubuhi, Baba Zimarela!' Dukani, Baba Zimarela. Kazini, Baba Zimarela. Nikajua nimehukumiwa. Nikasema, sawa, nimestahili, nitatumikia."

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Ulidhani nakuadhibu?"

"Ulikuwa unafanya nini kama si kuniadhibu?"

"Sikukuwaza wewe hata kidogo," mama alisema. "Aliondoka bila kuniaga. Nilirudi kutoka zamu, nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Wewe ulikuwa mume, sawa. Lakini yeye ndiye niliyekuwa nimemzoea. Nilipojifungua binti nilitaka kuwe na mtu ndani ya nyumba nitakayemwita kwa jina hilo, aitike."

Baba aliokota brashi, akaishika kana kwamba hajui ni ya kazi gani. Walikuwa wameishi nyumba moja miaka yote hiyo na jina moja, na kila mmoja alilisikia tofauti.

Zimarela ndiye aliyezungumza wa kwanza.

"Yeye hajui."

"Nani?"

"Huyo rafiki yako. Anadhani kama nilivyodhani mimi, kwamba ni baba. Ndiyo maana ameomba nisiambiwe. Anatuhurumia."

Mama alisimama. Alikuwa mfupi, na akisimama hakuonekana kuongezeka sana, lakini wote wawili walisogea.

"Washa redio. Nipe namba yao."

"Mama, ni kipindi cha moja kwa moja. Mji mzima unasikiliza."

"Yeye pia anasikiliza. Lete simu."

Studioni, Bwana Majina alikuwa hajalala. Alikuwa amepanga kusema mwishoni mwa kipindi kwamba kuna kosa alilitangaza na hawezi kulieleza. Alijua baada ya sentensi hiyo atakuwa amewapoteza wote wawili, mpenzi na yule mwanamke wa ghorofani. Kwenye kioo cha studio mwenzake alimwonyesha kidole gumba: simu ipo.

"Karibu hewani. Nani mwenzangu?"

"Mama Zimarela hapa."

Alishika ukingo wa meza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sina swali. Nina taarifa. Ulisema mji huu una Zimarela mmoja. Wako wawili. Binti yangu ni wa pili. Wa kwanza ni rafiki yangu, na jina lake nililichukua mimi mwenyewe, kwa hiari yangu. Mume wangu alilipinga."

Mazoea ni kitu kigumu. Kabla hajajizuia, Bwana Majina alisema, "Mama, una shahidi?"

Kulikuwa na mkwaruzo kwenye simu, kisha sauti nzito ya kiume.

"Shahidi ndiye huyu. Ni kweli. Nilipinga sana."

"Toka," mama alisema, na simu ikarudi kwake. "Namwambia yeye sasa, si wewe. Mwenzangu, kama unanisikia: sikulazimishwa. Nakaa nyuma ya kiwanda chetu cha zamani, nyumba ya mlango wa buluu. Leo niko nyumbani. Kesho pia nipo. Basi."

Akakata. Katika historia ya kipindi hicho hapakuwahi kuwa na kimya kirefu namna ile, mpaka fundi wa sauti mpya akadhani mtambo umeharibika.

Alasiri teksi ilisimama mbele ya mlango wa buluu. Bwana Majina alishuka kwanza, akafungua mlango wa nyuma. Mwanamke mwembamba mwenye gauni la kijivu aliweka mguu chini, akaitazama nyumba, kisha akamtazama Mama Zimarela aliyekuwa amesimama kizingitini na futi ya kupimia shingoni.

"Umenenepa," alisema.

"Na wewe umekonda. Nani anakulisha?"

"Najilisha."

"Inaonekana."

Walisimama hivyo. Kisha mama akavuta kola ya gauni la kijivu, akaigeuza ndani, akakagua mshono.

"Bado unarudia mara mbili."

"Wewe ulikuwa hurudii. Ndiyo maana kazi zako zilikuwa zinafumuka."

Mama alicheka, na cheko lile likavunjika katikati, na wakashikana palepale mlangoni huku dereva wa teksi akigeuza uso upande mwingine. Baba Zimarela alikuja na kiti. Mgeni alimtazama kwa muda, akasema, "Baba Zimarela, habari za siku nyingi," naye akajibu, "Nzuri," akaenda jikoni kuandaa chai ambayo hakuwahi kuiandaa tangu aoe.

Ndani, Zimarela mdogo aliketi mbele ya Zimarela mkubwa, wakaangaliana.

"Kumbe unafanana na mama yako," mkubwa alisema. "Bora. Jina lenyewe linatosha."

"Shangazi, limetoka wapi? Lina maana gani? Nimeulizwa maisha yangu yote."

Bwana Majina, aliyekuwa amebaki karibu na mlango kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha kukaa, aliinua kichwa.

"Baba yangu alikuwa mlinzi wa ghala," mwanamke alisema. "Siku niliyozaliwa walipokea shehena ya vifungo kutoka nje. Kwenye kila sanduku paliandikwa Zimarela. Ilikuwa chapa ya kampuni. Alipenda jinsi lilivyoandikwa."

"Vifungo?"

"Vya mashati. Matundu manne."

"Maana yake je?"

"Baba hakujua. Mimi sijui. Nadhani hata hao wenye kampuni hawakujua."

"Mimi nilikiona kimoja," Mama Zimarela aliongeza. "Alikuja nacho kazini, kimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo."

"Mashahidi wawili," Bwana Majina alisema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Zimarela alimtazama.

Walitoka uani, kwenye kamba ya nguo. Mapazia ya mteja yalikuwa yameanikwa, nao wakasimama katikati yake kama watu walio kwenye chumba kisicho na dari. Zimarela alikuwa amevaa gauni la nyumbani lililopauka, nywele hazijafungwa. Mwanamume hakuthubutu kumshika mkono.

"Kama mama asingepiga simu," alisema Zimarela, "ungeniambia?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angeweza kumkanusha.

"Hapana."

"Hata kama nisingerudi?"

"Hata kama usingerudi. Niliahidi."

"Mtu ambaye hukuwahi kumwona kabla."

"Ndiyo."

Zimarela alivuta pindo la pazia, akalinyoosha. Jibu hilo lilimuumiza, na alijua kwamba jibu jingine lingemuumiza zaidi, siku nyingine, likiwa linahusu siri yake mwenyewe.

"Sikuombi uvunje ahadi za watu," alisema. "Siri zao zikae. Lakini uliniacha nitembee na taji la uongo kichwani, ukanigeuzia mazungumzo. Hilo silitaki tena. Ukiwa na jambo usiloweza kulisema, uniambie kwamba lipo. Useme tu: kuna jambo siwezi kusema. Mimi nitajua pa kusimama."

"Sawa."

"Si sawa ya redioni."

"Si ya redioni. Nimeelewa, mpenzi."

Kutoka ndani kulisikika wanawake wawili wakibishana kuhusu chai ya Baba Zimarela, mmoja akisema haina majani, mwingine akisema haina sukari. Bwana Majina alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Zimarela."

"Nipo."

"Kuna jambo siwezi kusema."

Alimtazama kwa ukali, tayari kukasirika upya. "Limeanza tayari? Utaweza lini?"

"Jumamosi. Mbele ya baba yako na mama yako. Na nimemwomba shangazi awepo."

Pazia lilipeperuka kati yao, likatulia. Zimarela alibana midomo, lakini macho yalikuwa yamekwisha kumsaliti.

"Jumamosi asubuhi nina keki tatu za watu," alisema. "Njoo alasiri."